Barazani Kila Mtu Mufti

Nimeacha kuwaambia watu ninasoma nini. Ukisema unasoma gazeti, unaachwa kwa amani. Ukisema unasoma riwaya ya majini na kompyuta, umejipeleka kizimbani mwenyewe, na mashahidi wanaanza kupanga foleni ilhali hata jalada hawajaliona.

Riwaya yenyewe ni Alif the Unseen ya G. Willow Wilson, Mmarekani aliyesilimu, akaishi Cairo, kisha akajulikana zaidi kwa vibonzo vya Ms. Marvel. Ilitoka 2012, na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya World Fantasy. Alif ni jina la mtandaoni la kijana mdukuzi, nusu Mwarabu nusu Mhindi, katika mji wa Ghuba ambao mwandishi hakuutaja. Kazi yake ni kuwaficha wateja wasionwe na serikali: wanaharakati, watu wa itikadi kali, wauza picha chafu, hachagui. Anampenda binti wa ukoo mkubwa, anaachwa, na kwa uchungu wa mapenzi anaandika programu inayoweza kumtambua binti huyo kwa namna anavyobonyeza herufi tu. Programu hiyo inamfikia mkuu wa usalama wa mji, jitu linaloitwa Mkono. Na huyo Mkono, kumbe, ndiye mchumba wa binti. Kijana anakimbilia kwa majini.

Basi. Hiyo ndiyo hadithi niliyowasimulia barazani, kwa kuwa kitabu ni cha Kiingereza na nusu ya mahakimu hawana subira ya Kiingereza cha kurasa mia nne na zaidi. Wakahukumu kwa muhtasari wangu.

Wa kwanza mjomba. Alivaa miwani, akakigeuza kitabu nyuma na mbele, akauliza Willow ni jina gani la Kiislamu. Nikamwambia mama huyo alisilimu. Akasema kusilimu ni jambo jema, lakini majini ni suala la itikadi, wana sura yao nzima katika Qurani, ya 72, si watu wa kuchezewa katika riwaya. Sawa. Lakini huyu ndiye mjomba ambaye kila umeme ukikatika hutusimulia yule mwanamke mwenye kwato aliyeomba lifti usiku njia ya Mariakani. Kila mara gari linabadilika. Safari hii lilikuwa lori la saruji.

Kilichomkera zaidi ni kitabu kilichomo ndani ya kitabu. Mfaransa François Pétis de la Croix alichapisha Paris, kati ya 1710 na 1712, hadithi alizoziita Siku Elfu na Moja, akidai alizipata kwa darweshi wa Isfahan. Wilson ameazima jina hilo, akasema hadithi zenyewe binadamu walizipata kwa jini. Mjomba hakushangaa jini kusimulia. Alishangaa jini kusimulia bure, bila ubani, bila hata kuku mweusi.

Wa pili jirani yetu mlokole, ambaye alikishika kitabu kwa ncha za vidole na kusema kinafungua milango. Milango gani, hakusema. Akaomba akiombee. Nikamruhusu, kwa sababu nyumba yangu ina kuta nyembamba na sitaki ugomvi. Aliomba muda mrefu, kwa sauti, na chai yangu ikapoa. Ajabu ni kwamba yeye na mjomba, ambao hawajawahi kukubaliana juu ya lolote, hata bei ya kuchangia taka, siku hiyo walipeana mikono. Ikiwa kitabu hiki kimeleta maelewano ya dini mbili, kimeyaleta kwa kulaaniwa na zote.

Akaja mpwa wangu, fundi wa programu, ambaye angalau alisoma. Nilidhani atapinga ile habari ya kumtambua mtu kwa vidole. Hakupinga. Alinieleza kwamba katika Vita vya Pili vya Dunia wasikilizaji wa simu za upepo waliweza kumjua mtumaji wa adui kwa mdundo wa mkono wake tu. Akakubali pia afriti, kwenye ule ukurasa ninaoupenda kuliko yote, anayemwona kijana mdukuzi na badala ya kumtisha anamlilia shida: kompyuta yake nyumbani ina virusi, je, anaweza kumsaidia? Mpwa alisema hilo ni la kweli kabisa, hata yeye harusini huombwa hivyo hivyo. Alipokwama ni pale Alif anapojenga mtambo unaofikiri kwa istiari. Hapo akafunga kitabu. Majini, sawa. Kompyuta inayojua mafumbo, uongo mtupu.

Dada yake, wa chuo kikuu, alikuja na hasira ya aina yake. Kwa nini kila hadithi ya Waislamu lazima iwe na Mmarekani mmoja wa kuelezwa mambo? Maana yumo, mwanamke aliyesilimu, hana hata jina. Pia alikuwa amejiandaa kumchukia Dina, jirani wa Alif, kwa sababu anavaa nikabu. Lakini Dina ndiye mwenye akili kuliko wote humo ndani, na binti yetu alikasirika upya kwa kunyimwa mtu wa kumchukia. Shangazi naye akampenda Dina kwa nikabu peke yake na hakutaka kusikia mengine.

Shemeji, aliyefanya kazi Ghuba miaka mingi, alijali jambo moja tu: mji huo ni upi. Akasema Dubai. Rafiki yake akasema Doha. Walibishana mpaka kahawa ikaisha, na aliyenunua kahawa ni mimi.

Nikawauliza: na Mkono je? Huyu anayesoma barua za kila mtu, anayekufunga bila mahakama, anayemtesa Sheikh Bilal, imamu mzee, kwa kosa la kumpa kijana hifadhi msikitini? Huyo hakuwakwaza? Wakaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini kuna joto. Mjomba alisema hao wapo kila mahali, endelea na habari ya majini.

Ndilo linaloniudhi. Jini katika riwaya anatuumiza imani, mpelelezi katika riwaya tunampisha kwenye benchi akae. Nikaandika hayo yote katika kundi la familia la WhatsApp, kwa urefu, nikaongeza kwamba sisi Wakenya tuna sheria yetu ya makosa ya mitandao tangu 2018 na Watanzania wana yao tangu 2015, kwa hiyo tusijifanye hadithi ni ya Ghuba tu.

Kundi ambalo lilibishania majini usiku kucha likanyamaza. Hata shangazi, ambaye hutuma maua kila asubuhi, hakutuma. Kisha simu ikalia, shemeji, kwa sauti ya chini: “Bwana, futa ile.”

Nimefuta. Jini unamsomea Ayatul Kursiyu anaondoka. Huyu mwingine, mjomba bado hajaniambia anasomewa nini.