Twiga na Waya wa Ua

Akzoni ni uzi unaochomoza kwenye seli ya neva na kupeleka ujumbe nje, hadi kwa seli nyingine, msuli au tezi. Unene wake hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Urefu, huo hauna adabu. Baadhi ya zile ndefu kabisa kwa wanyama wa nchi kavu zimo ndani ya twiga, ambaye bado huonekana Kitengela akipita kati ya ploti zilizozungushiwa ua. Ua mmoja wa umeme ulikuwa ukilia tik-tik asubuhi baada ya mvua, majani mabichi yameshika waya wa chini, na twiga amesimama nje akitamani mgunga ulio ndani.

WAYA: Habari ya asubuhi, mzee. Mbona hujibu?

TWIGA: Jibu liko njiani, kijana. Lilishuka kifuani, sasa linapanda.

Twiga hakutania. Akzoni zinazoendesha zoloto, kisanduku cha sauti, huanzia kwenye shina la ubongo, hushuka shingo nzima, na zile za kushoto huzunguka chini ya mshipa mkuu utokao moyoni ndipo zirudi juu. Kwa twiga mzima safari hiyo hupita mita 4, ingawa zoloto liko karibu kabisa na ubongo. Ramani yenyewe ni ya mababu samaki, wasiokuwa na shingo: neva ilipita nyuma ya mishipa ya mashavu, njia fupi tu. Shingo iliporefuka, neva ikawa imeshanaswa chini ya mshipa.

WAYA: Kama mkazi wa Kitengela anayefuata muhuri Kajiado mjini, kumbe karatasi yenyewe inakwenda kwa jirani yake.

TWIGA: Huyo angalau hupanda matatu.

WAYA: Mimi nabeba volti elfu kadhaa. Wewe je?

TWIGA: Sehemu 70 hivi za elfu za volti. Tena hapo nimetulia.

Umeme wa akzoni hautiririki kama wa waya. Ndani ya utando wake mna chaji hasi zaidi kuliko nje. Ujumbe ukifika, vilango vya utando hufunguka, ioni za sodiamu huingia kwa fujo, kisha za potasiamu hutoka na hali hurudi ilivyokuwa, yote kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walieleza utaratibu huu mwaka 1952 kwa kutumia ngisi, ambaye akzoni yake kubwa huonekana kwa macho matupu, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

WAYA: Sodiamu? Ile ya Ziwa Magadi?

TWIGA: Ndiyo hiyo. Kampuni ya huko imekuwapo tangu 1911, magadi yanakwenda kutengeneza kioo. Kwangu sodiamu ndiyo inayonifanya nikujibu.

WAYA: Polepole.

Akzoni tupu za mamalia huwa polepole kweli: mita moja hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea. Zile zenye haraka huvikwa mayelini, tabaka za mafuta zilizoviringwa kama chapati kabla ya kusukumwa. Kati ya kipande na kipande huachwa pengo dogo, fundo la Ranvier, na hapo ujumbe huzaliwa upya. Katika neva ya mguu wa twiga kasi iliyopimwa ni mita 50 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, mita 4 hazimalizi hata sehemu ya kumi ya sekunde. Waya humshinda mbali kwa mbio. Ila ujumbe wa akzoni hufika na nguvu ileile uliyoanza nayo.

TWIGA: Umeme wako unanywewa na majani. Kule kona ya mwisho hata mbuzi hakuogopi.

WAYA: Lakini nikikatika, fundi ananiunga kwa koleo. Dakika tano tu.

Akzoni iliyokatika ndani ya ubongo au uti wa mgongo wa mamalia ni nadra kuota tena. Nje ya hapo, kipande kilichotengwa na seli hufa, na kile kilichobaki huota milimita moja hivi kwa siku. Mita 4, zikikatwa karibu na chanzo, ni kazi ya miaka 11.

WAYA: Miaka kumi na mmoja! Fundi wangu alisema anakuja kesho.

TWIGA: Alisema lini?

WAYA: Kabla ya mvua za mwaka jana.