Ingia Seva Hamsini Huku Umelala

Rafiki, bosi anataka seva zote hamsini zipitiwe kila usiku. Wewe unataka kulala. Sogea karibu.

1. Usisubiri neno, subiri saa. Don Libes alibuni Expect mwaka 1990 ili programu isome skrini, ione "login:", ndipo ijibu. Huyo alikuwa na subira. Wewe andika "sleep 5", tuma jina. "Sleep 5" tena, tuma paswedi. Mbele ya bosi skripti itakubali tu. Usiku seva ikizubaa hadi sekunde ya sita, jina laweza kupotea, paswedi ikaangukia mahali pa jina, na hapo seva huonyesha kila herufi inayoandikwa. Paswedi yako sasa imo kwenye faili la logi, nyeupe pee. Usihofu, faili hilo hakuna anayelisoma.

2. Ukitaka kuonekana fundi, chukua hiyo Expect na utafute "ogin:" na "assword:". Mashine moja huanza kwa herufi kubwa, nyingine ndogo, kwa hiyo wakongwe hulikata neno kichwa. Kijana wa ofisi akidhani umekosea tahajia, tabasamu. Usimweleze.

3. Hapa ndipo penye utamu. Ukishaingia, Linux nyingi hukupokea kwa mstari wa "Last login:" na tarehe. Mle ndani "ogin:" imekaa kimya inakungoja. Kama skripti yako bado inaitafuta, itafurahi: kumbe naulizwa tena! Itatuma jina, na bash itajibu "admin: command not found". Kisha itasubiri "assword:" isiyokuja. Expect, usipoiagiza vingine, huvumilia sekunde 10, halafu bila kunung'unika huendelea na mstari unaofuata. Hivyo paswedi inatumwa kama amri, na bash, mtunza historia hodari, inaiweka kumbukumbu. Wapo wanaojitesa kudai "login:" iwe mwisho kabisa wa kilichopokewa, tena wanaandika la kufanya muda ukiisha. Hao hawana familia.

4. Kujua kama umeingia, tafuta "#". Tangazo la mlangoni likiwa limepambwa kwa ##### tano, hongera: umeingia kabla hujabisha hodi.

5. Atatokea mtu akushauri utumie funguo za SSH, zisizohitaji kuulizwa paswedi ya seva hata kidogo. Mwambie sera ya usalama hairuhusu. Skripti ikikosa cha kusubiri, bosi ataanza kuuliza wewe unasubiri nini.

6. Mstari wa mwisho wa skripti uchapishe "Kazi imekamilika", nje ya masharti yote, ili utoke hata kama hakuna seva iliyoitika. Ripoti iende kwa bosi saa kumi na moja alfajiri. Ataona ulivyoamka mapema.