Mlinda Viatu wa Badrinath

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Jioni moja, barazani kwa jirani yangu pale Kisutu, nilisimulia kwa mara ya mia jinsi nilivyoupanda Kilimanjaro ujanani. Sikutaja kwamba niliishia kibanda cha Mandara, mita 2,720, nikateremshwa huku natapika. Si kila jambo lina haja ya kutajwa.

Kumbe mama wa jirani, ambaye mtaa mzima tunamwita Ba, alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza. Ana miaka 76. Amezaliwa Dar es Salaam, amezeekea Dar es Salaam, na kiu yake ilikuwa moja tu: kufika Badrinath, kule Himalaya, kabla hajafa. Mwanawe ana presha na daktari amemkataza milima.

"Basi nitakwenda na huyu," Ba akasema. "Si amezoea vilima?"

Mtaa mzima ulikuwa unasikia. Ningesema nini?

Badrinath ni mji mdogo wa hija katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, kando ya mto Alaknanda. Upo mita 3,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Piga hesabu mwenyewe: mahali wanapouza chai na soksi ni juu kuliko pale nilipotapika. Pana hekalu la Vishnu, moja kati ya mahali pane pa hija ambapo Wahindu hupaita Char Dham. Hufunguliwa Aprili au Mei na kufungwa Novemba, kwa sababu baada ya hapo theluji huufukuza mji mzima. Sisi tulikwenda mwanzoni mwa Oktoba. Ba alisema huo ndio wakati mzuri. Mzuri kwa nani, hakusema.

Kutoka Rishikesh hadi huko ni kilomita karibu 300. Kwetu huo ni mwendo wa basi la asubuhi, mchana unakula ulikokwenda. Kule tulitumia siku mbili. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande huu mwamba, upande ule hakuna kitu. Mimi niliketi upande wa hakuna kitu. Dereva mkono mmoja ulikuwa kwenye honi na mwingine ukieleza habari za shemeji yake. Tulipofika Devprayag, ambapo mto Bhagirathi unakutana na Alaknanda, Ba alinigusa bega.

"Tazama mwanangu, hapa ndipo Ganga inapopata jina."

Nilitazama kwa jicho moja. Jingine lilikuwa linasali.

Mbele zaidi mawe yaliporomoka, tukakaa saa mbili tukisubiri katapila lifungue njia. Watu walishuka, wakanywa chai, wakapiga picha na mawe yenyewe. Ba aligawa vitafunio vya chevda alivyovibeba kutoka Kisutu kwa gari zima. Mimi nilibaki ndani nikihesabu mawe ambayo bado hayajaporomoka.

Nyumba ya wageni siitaji jina. Nitasema tu kwamba maji ya moto yaliuzwa kwa ndoo, na ndoo yangu ilipofika ilikuwa imeshasahau kwamba iliwahi kuwa karibu na moto. Mfarishi wa kujifunika ulikuwa mzito kama gunia la mchele. Ukijigeuza, unaubembeleza kwanza. Usiku kila usingizi uliponichukua, pumzi ilikatika, nikaruka kitandani kama mtu aliyeitwa polisi. Njiani nilikuwa nimenunua kopo la oksijeni, mfano wa kopo la dawa ya mbu. Nilivuta mara nne, likaisha. Chumba cha pili Ba alikuwa anakoroma kwa amani.

Saa kumi alfajiri aligonga mlango. "Shikamoo, Ba," nikasema kutoka chini ya gunia. "Marahaba. Amka, twende tukaoge."

Kuoga! Saa kumi alfajiri, nje, kwenye baridi ya kugandisha mate! Lakini chini ya hekalu kuna chemchemi ya maji moto, Tapt Kund, na hujaji huoga hapo kabla ya kuingia kumwona Mungu wake. Maji yanatoka mlimani yakiwa na joto la nyuzi 45 hivi, yananukia kiberiti, na hatua chache tu kutoka hapo Alaknanda unapita ukinguruma, baridi kama barafu iliyoyeyuka, maana ndivyo ulivyo. Nilichovya dole gumba la mguu. Nikalitoa kwa kelele. Wanaume waliokuwa ndani hadi shingoni walinicheka kwa lugha zisizopungua tano. Nikajitosa kwa hasira, na nakiri: kwa dakika sita nilikuwa mtu wa pwani tena. Shida ni kutoka. Hakuna aliyenionya habari za kutoka. Upepo ulinipokea kwa kofi, meno yakapigana, nikavaa shati ndani nje. Ba alitoka upande wa wanawake anafuka mvuke kama sufuria la pilau, kajitanda shali yake, hana hata chafya.

Kwa kuwa mimi si Mhindu, nilimwambia nitamsubiri nje na viatu vyake. Foleni ilikuwa inapita mbele ya lango lile la rangi nyekundu, njano na buluu na kwenda hadi sikuona mwisho. Nikakaa kwenye jiwe, champali za Ba mapajani. Mama mmoja akaniona, akavua viatu vyake, akaniwekea. Nikafungua mdomo nieleze. Bwana mmoja na watoto wanne wakanishushia jozi tano. Nusu saa haikupita, nilikuwa na jozi ishirini na tatu na rupia hamsini. Nimestaafu utumishi wa umma bila cheo, Himalaya imenipa ajira siku ya kwanza.

Mstaafu mmoja kutoka Kerala akaketi karibu yangu kulinda vyake. Kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia: kwenye bahari na minazi, na baridi hii ni uonevu. Akacheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba kuhani mkuu wa hekalu hili, anayeitwa Rawal, kwa desturi hutoka Kerala, kusini kabisa, kwenye minazi kama kwetu. Aliyeiweka desturi hiyo, kwa mapokeo yao, ni Adi Shankara, mwanazuoni wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, naye mzaliwa wa Kerala. Kwa hiyo karne na karne watu wa nazi wamekuwa wakipandishwa huku kutetemeka. Nilijisikia nimepata chama cha wafanyakazi.

Akaongeza jingine. Hekalu likifungwa Novemba, sanamu ya Vishnu hubaki humo ndani miezi sita, imefunikwa blanketi la sufu lililopakwa samli, lililofumwa na wanawake wa kijiji jirani cha Mana. Makuhani hushuka mabondeni. Hapo nilinyamaza. Tangu Rishikesh nilikuwa nimeaibika kwa kulalamikia baridi, kumbe wenyewe wanajua hata Mungu anahitaji blanketi.

Ba alitoka saa nne baadaye, macho mekundu, mkononi ana majani ya tulsi, dengu na sukari mawe. Akanimwagia dengu kiganjani bila kusema neno. Mwanamke yule ambaye hujadili bei ya nyanya kwa robo saa alikuwa hana neno! Nikatafuna dengu mbichi kimya kimya. Ilikuwa ngumu, lakini sikulalamika, na naomba hilo liandikwe.

Malalamiko yalirudi mchana. Mji mzima hauna nyama wala yai. Niliota mishikaki ya Kariakoo macho wazi. Wakaniletea sahani ya rajma, wanaisifia kama chakula cha milimani. Nikafunua: wali maharage! Nimesafiri bara na bahari nikapewa chakula cha bweni. Nilikula sahani tatu.

Jioni Ba akataka kuona Mana, kilomita tatu mbele, karibu na mpaka wa Tibet. Kilikuwa kikiitwa kijiji cha mwisho cha India. Siku hizi kimepandishwa cheo, kinaitwa cha kwanza, ingawa hakijasogea hata hatua. Nilinunua kofia ya sufu kwa bibi aliyekuwa anafuma huku anazungumza, nikaivuta hadi kwenye nyusi, na sikuivua mpaka uwanja wa ndege wa Dar, ambako ofisa aliniomba niivue ahakikishe ni mimi.

Sasa Ba amepata nguvu mpya. Anataka Kedarnath. Huko ni mita 3,583, na gari linaishia mbali chini. Kutoka Gaurikund ni kilomita zaidi ya 16 za kupanda kwa miguu, au juu ya farasi. Ameshawaambia majirani kwamba nimekubali. Msomaji mwenye magoti mazima, subira na soksi nzito, tafadhali apite Kisutu aulize nyumba ya Ba. Viatu nitamfundisha mwenyewe namna ya kuvilinda.