Gesi Isije Ikatuharibia Kimea

Tuwapongeze kwa dhati waliobuni bomba la inchi 36 linalochukua gesi ya Mnazi Bay, jirani na mlango wa Ruvuma, na kuipeleka Dar es Salaam tangu 2015, zaidi ya kilomita 400. Wametuepusha na balaa. Ingebaki hapa, mama mpika pombe angezungusha swichi ya jiko tu, na elimu yote ya bibi zake ingepotea.

Kimea cha mtama, kama mjuavyo, kinadeka. Kinataka uji wa nyuzi 65 hivi. Ukikaribia 80 kinakufa, wanga haugeuki sukari, na wateja wanaishia kunywa uji. Mama hana kipimajoto. Anachomoa kigogo cha mkorosho mafigani, anamwaga kata ya maji baridi, anakoroga, anachovya kidole na kukitoa mbio. Bado. Anachovya tena. Kidole kikivumilia kidogo, kimea kinaingia na chungu kinafunikwa gunia. Chuo gani kitakufundisha hayo bila ada?

Wenzetu wa Kinyerezi, huko Dar es Salaam, maskini, mitambo yao ya umeme haijui kuchovya kidole. Lazima ipelekewe gesi mlangoni. Sisi Mungu katujalia macho yasiyoogopa moshi. Na gesi yenyewe, iliyogunduliwa 1982, si ilistahili nayo kuuona mji?

Basi, wakaguzi wa bomba, mkipita huku msihangaike na ahadi. Tupeni lifti tu hadi porini: kuni za karibu zimekwisha.