Mweka Hazina na MB 256

"Haya mweka hazina, tumefika shilingi ngapi?" Kamati nzima ya harusi ikanigeukia, nami nikaitoa Nokia N900 yangu mfukoni kwa madaha. Kioo kikawaka, kikazima. Kikawaka tena, kikazima. Shangazi akasogeza kiti nyuma, akauliza kama itapasuka. Ikabidi michango itajwe kwa kumbukumbu, na ghafla kila mtu alikuwa amechanga zaidi.

Kilichotokea mle ndani kinastahili kuelezwa. Simu hii, ambayo kwa kweli ni kompyuta ya Linux iliyotoka mwaka 2009, ina GB 32 za kuhifadhia, lakini mfumo wake, Maemo 5, umepangishiwa chumba cha MB 256. Kifurushi cha programu chenye adabu huweka mizigo yake kwenye /opt, ambayo kwa kweli iko kwenye kipande cha GB 2. Kisicho na adabu humwaga kila kitu palepale kwenye mfumo. Pakijaa, mashine ikiwaka hukosa pa kuandika hata faili dogo. Programu muhimu zinaanguka, na mlinzi anayezichunga ana dawa moja tu: zima, washa upya. Anakuta ugonjwa uleule, anatoa dawa ileile. Mantiki safi kabisa! Nimeitazama usiku kucha, karibu niipende.

Na apt, chombo kinachosakinisha vifurushi, haihoji. Skripti zilizomo kwenye kifurushi huendeshwa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, yule anayeweza kufuta chochote. Kwa hiyo usalama wako ni ghala unalochotea. Ghala la Extras lilikuwa la watu wa kawaida: kifurushi kilijaribiwa na kupigiwa kura kabla ya kuingia. Extras-devel lilikuwa la watengenezaji, na programu ya mahesabu niliyoisakinisha asubuhi, kwa heshima ya kikao, haikupatikana kwingine. Nayo haikuwa na adabu.

Kila kifurushi hutakiwa kutaja jina na barua pepe ya anayekitunza. Nilimwandikia wa programu ile ya mahesabu. Barua ikarudi: anwani haipo. Hapo kicheko kiliniishia. Lile onyo la Extras-devel, "kwa hatari yako mwenyewe", lilimlinda yeye barabara. Mwenye simu analindwa na nani?

Nimeweka mfumo upya kwa waya wa USB. Sasa kabla ya kukubali chochote, natazama nafasi kwa df, na kwa dpkg -c nasoma faili zitakwenda wapi.

Hata hivyo, programu ya saa ilimaliza betri. Ya hali ya hewa iligoma kuondoka. Kamusi ilisakinika vizuri sana, ila haina neno hata moja.