Sifa za Mwandishi wa Siku Tatu

Wapo wanaodhani kwamba ili kuandika kitabu kuhusu nchi ya watu ni lazima ukae humo, ujifunze lugha yao, uzike na uoze pamoja nao. Dhana hiyo imepitwa na wakati. Anayebisha na asimame Isiolo, kwenye kituo cha mafuta upande wa kwenda Archer's Post, msimu wa watalii. Atamwona mwandishi akishuka kutoka Land Cruiser ya kukodi, shati la mifuko mingi limenyooka, daftari jipya mkononi, akivuta pumzi ndefu kama mtu aliyeikuta hewa ambayo haijawahi kutumiwa. Amekuja kufanya utafiti. Ana siku tatu, na ya tatu ni ya kurudi Nairobi.

Namheshimu mtu huyu kwa dhati, na naona ni aibu kwamba mji wetu, unaompokea kila mwaka, haujamtengea hata benchi lenye kivuli.

Ubora wake wa kwanza ni kwamba huja akiwa amekwisha kujua. Watafiti wengine huja na maswali, na maswali huchelewesha kazi. Yeye huja na sura zilizokwisha kupangwa, zikiwa na nafasi chache wazi kwa ajili ya jina la mzee, rangi ya machweo na mnyama mmoja mkubwa. Hivyo hawasumbui wenyeji kwa kutaka maelezo. Anachohitaji kwetu ni uthibitisho, nao hutolewa bure.

Ubora wa pili ni huruma yake kwa barabara. Kila mkazi wa Isiolo anajua kwamba lami ilifika Moyale muongo uliopita, takriban kilomita 500, na kwamba basi la usiku hulimaliza pori lile abiria wakiwa wamelala. Tumesahau upesi mno siku za kupanda juu ya lori la mifugo, kushikilia vyuma, kula vumbi na kusubiri msafara wa askari kwa kuogopa majambazi. Mwandishi hajasahau, ingawa hakuwapo. Katika kitabu chake mashimo yote yamerudi mahali pake, lori limekwama tena, na dereva ambaye asubuhi ile alikuwa akilalamikia kamera za kupima mwendo amegeuka mtu mkimya anayesoma nyota. Serikali ilitumia fedha nyingi kuiondoa barabara ile mbovu. Yeye ameirudisha kwa kalamu, bila mkopo wa nje.

Asifikiri mtu kwamba desturi hii ni ya jana. Mmarekani William Astor Chanler alipita huku katika safari yake ya 1892 hadi 1894, akiandamana na Ludwig von Höhnel, yule aliyekuwa na msafiri Teleki wakati ziwa letu la kaskazini, Turkana ya leo, lilipopewa jina la Rudolf. Chanler aliufuata mto Ewaso Nyiro akitarajia kufika kwenye ziwa kubwa liitwalo Lorian. Alikuta kinamasi. Mtu wa kawaida angerudi kwao kimya. Lakini maporomoko ya mto ule yakaitwa kwa jina lake, na tohe wa milimani pia akabeba jina lake, mnyama ambaye hakuombwa maoni. Höhnel alijeruhiwa vibaya na kifaru, wapagazi wakatoroka, na mwaka 1896 kitabu kikatoka. Hapo ndipo kanuni ya kazi hii ilipowekwa: ukikosa ulichokifuata, hakikisha jina lako limebaki.

Mwandishi wa leo anaitimiza kanuni hiyo kwa uangalifu zaidi, kwa sababu aghalabu haendi Lorian kabisa. Kinamasi kiko mbali, ng'ambo ya Merti, kuelekea Habaswein, na njia ya huko si ya lami. Wengi huishia Archer's Post, hutazama mto kutoka darajani, na Lorian huiandika wakiwa pale pale. Nidhamu hiyo inastahili pongezi. Angefika, angelazimika kuona kinamasi kinachosinyaa mwaka baada ya mwaka, na wafugaji wanaochimba mchanga wa mto kutafuta maji ya ng'ombe. Pengine angeuliza maji yamekwenda wapi, na angejibiwa: Ewaso Nyiro hutoka Nyandarua na Mlima Kenya, na kabla haujafika kwetu hupita jirani na mashamba ya Nanyuki na Timau, ambako mipira ya kumwagilia haikauki na maua husafirishwa Ulaya yakiwa na umande. Mambo kama hayo huharibu sura. Yeye ameandika kwamba mto huzama mchangani kwa siri ambayo jangwa halimwambii mtu. Siri hiyo imehifadhiwa vizuri, na wenye mipira hawana sababu ya kulalamika.

Niliwahi kukaa karibu na mahojiano ya mwandishi wa namna hii, chini ya mgunga nje ya mji. Mzee wa Kiborana aliulizwa kuhusu ukame. Akatoa mswaki kinywani, akatema pembeni, akaanza. Alieleza jinsi dedha, utaratibu wa Waborana wa kusimamia malisho, inavyoyagawa: upande upi unaliwa wakati wa mvua, upi unafunguliwa kiangazi, upi haukanyagwi na kwato mpaka hali iwe mbaya kabisa. Alieleza nani anaamua, nani anatozwa mnyama akikaidi, na jinsi mpango ulivyovurugika visima vilipochimbwa ovyo bila wazee kuulizwa. Alichora ramani mchangani kwa ncha ya fimbo, mto hapa, visima pale, nyanda za akiba kule. Aliongea mpaka chai ya maziwa ya ngamia ikafanya utando. Mkalimani, kijana mwenye shahada ya usimamizi wa maliasili ambaye bado anatafuta kazi, alianza kuyafasiri yote hayo. Mwandishi akatazama saa, kijana akaelewa, akafupisha: "Anasema maisha ni magumu."

Mwandishi aliandika, akapigia mstari mara mbili. Kisha akamwomba mzee asogee asimame pale mbele, juu ya ile ramani, ili mwanga umpate vizuri.

Huo ndio ufundi. Maelezo marefu yamechujwa yakabaki maneno matatu, na maneno hayo yanafaa Isiolo, yanafaa Turkana, yanafaa Karamoja, hata mchapishaji akiamua kubadilisha ramani ya jalada hakuna sentensi itakayohitaji kuguswa. Mzee, kwa upande wake, alipata picha nzuri, ingawa hajaiona. Kijana alipata chakula cha mchana, na katika ukurasa wa shukrani ametajwa kwa heshima kama "kiongozi wangu wa njia".

Tusisahau pia anachokiacha, maana uungwana hupimwa hapo. Wazee wa Garba Tulla na Merti wana kumbukumbu nzito za vita vya Shifta, vya 1963 hadi 1967, na miaka wanayoiita Gaf Daba, watu walipokusanywa kambini na mifugo yao ikateketea mbele ya macho yao. Ndiko umaskini wa nyumba nyingi za huku Waso, kwenye mto wetu, ulikoanzia. Mwandishi hana haja ya kuyagusa hayo. Kwake umaskini wetu ni wa asili, kama mawe, na hivyo hakuna anayedaiwa. Wenzake wanaozunguka vinamasi vya Louisiana, Marekani, hufanya vivyo hivyo kwa watu waitwao Cajun. Kitabu hujaa mamba, mapishi na kinanda cha mkono, na kwa nadra msomaji husumbuliwa na habari kwamba mababu zao walifukuzwa na Waingereza kutoka Acadia kuanzia 1755, au kwamba katiba ya jimbo ya 1921 iliamuru shule zifundishe kwa Kiingereza tu, na watoto wakaadhibiwa kwa kusema Kifaransa cha mama zao. Msomaji amelipia safari, hakulipia hesabu za madeni.

Faida kwa mji hazihesabiki. Joy Adamson, ambaye mumewe George alikuwa msimamizi wa wanyamapori hapa Isiolo, alitoa kitabu cha Born Free mwaka 1960, na tangu hapo simba Elsa amejulikana duniani kuliko binadamu yeyote aliyezaliwa Isiolo. Mwaka 2001 Wamarekani walikuja kwenye hifadhi yetu ya Shaba kurekodi shindano la televisheni la Survivor, la watu kuvumilia porini, na mshindi akaondoka na dola 1,000,000. Wafugaji wa jirani, ambao huvumilia eneo hilo hilo bila kamera, hawakualikwa kushindana. Nafikiri ilikuwa haki, maana wangeshinda na kipindi kingekosa mvuto.

Wako watakaonuna kwa haya, lakini najua kwamba kila mmoja wetu ana ugonjwa huo huo, tofauti ni kwamba sisi hatujapata mchapishaji. Nani kati yetu hajawahi kwenda Mombasa kwa harusi ya siku mbili akarudi kutufafanulia tabia za watu wa pwani? Nani hakupita Marsabit usiku, ndani ya basi, pazia likiwa limefungwa, akaamka Moyale na maoni kamili kuhusu Wagabra na Warendile? Mfanyabiashara wa Meru ana sura nzima kichwani kuhusu Waborana, na Mborana ana juzuu mbili kuhusu Wameru, na hakuna aliyelala nyumbani kwa mwenziwe hata usiku mmoja. Mwandishi wa siku tatu amefanya kwa ujasiri na kwa karatasi kile tunachofanya sisi kwa mdomo. Anayemlaumu anamwonea wivu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wakazi wa Isiolo. Mwaka huu akija, mpeni maji baridi na mwonyesheni njia ya Archer's Post. Mzee atakayeulizwa kuhusu ukame na ajibu moja kwa moja kwamba maisha ni magumu, asimchoshe mkalimani wala asichafue mchanga kwa ramani. Na kama mgeni ana haraka ya kuwahi chakula cha jioni Nanyuki, mfungulieni njia aende: tayari ana kila anachohitaji.