Kunguru, Mtumishi Asiyestaafu

Tausi keshasifiwa vya kutosha, na njiwa washairi wetu wamemchosha kwa kumtuma barua. Leo ni zamu ya kunguru, yule wa shingo ya kijivu, anayetuamsha alfajiri bila kujali nani kalala saa ngapi.

Kwanza ieleweke kwamba huyu hakuzamia. Aliajiriwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakubwa wa Kiingereza waliokuwa Unguja walimtoa India aje asafishe mji, maana taka ziliwashinda. Hakupewa mshahara wala nyumba, na hajapata kugoma. Kosa lake ni bidii: taka zilipokuwa hazimtoshi akaingia kwenye mayai, akatoka kwenye mayai akaingia kwenye vifaranga, kisha akawageukia ndege wadogo wa bustanini. Kufikia 1917 alikwishahesabiwa mharibifu papo hapo Unguja alikoletwa kwa heshima. Mwingine angekata tamaa. Yeye ile barua ya kufukuzwa aliisoma kama barua ya uhamisho: mwaka 1947 akaripoti Mombasa, na leo hakuna mji mkubwa wa pwani yetu usio na ofisi yake. Jamaa zake wengine, hao kweli wazamiaji, walipanda meli hadi Uholanzi.

Mwone akiwa kazini. Nenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi boti zinapoingia, utamkuta kawahi kuliko madalali. Mama lishe akigeuka tu kukoroga mchuzi, andazi limeshapaa. Anayeanika dagaa lazima aweke mtoto mwenye fimbo, na kwa hiyo ni kunguru, si serikali, aliyetoa ajira kwa vijana wengi wa umri ule. Hata ujenzi anauweza: kiota chake husukwa kwa vijiti na vipande vya waya, na fundi umeme anayeacha masalio uani asiulize yamekwenda wapi.

Methali inasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Aliyeitunga nadhani alimkusudia kunguru wetu wa asili, yule mwenye kizibao cheupe, ambaye kweli amekimbiza ubawa na kumwachia mgeni sehemu kubwa ya pwani. Huyu wa kijivu huita wenzake watatu wakamsindikiza mwewe hadi nje ya mtaa.

Na sisi tumemfanyia nini? Tumemtundikia CD zinazometameta, akajitazama humo. Tumemrushia mawe kwa manati, akajifunza urefu wa mkono wetu. Tumemtegea vizimba vyenye kunguru chambo ndani. Kule Watamu na Malindi aliandaliwa karamu: siku za mwanzo nyama safi, mpaka wageni wazoee meza, halafu nyama yenye sumu iitwayo Starlicide, inayoua saa nyingi baadaye, mgeni akiwa ameshaaga. Lazima iwe hivyo, maana kunguru akimwona mwenzake akianguka mezani, karamu imevunjika. Walipungua sana. Sumu ilipokosekana wakarudi, bila kinyongo. Januari 2024 Kenya ikatangaza kwamba itaangamiza kunguru milioni 1 kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha.

Wahuni husema kunguru hafugiki. Huo ni uongo, na ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote: hakuna ndege aliyefugika kama huyu. Haishi nyikani mbali na watu. Pasipo jalala, soko na machinjio huna haja ya kumtafuta. Kizimba hahitaji kwa sababu hana mpango wa kuondoka. Anayetaka kumfukuza nyumbani kwake angefunika pipa la taka, angefukia viporo, angeondoa kiota kabla ya mayai, na mambo yangekwisha kimyakimya. Lakini huko ni kumkatia posho mtumishi wa zaidi ya karne, na watu wa pwani tuna aibu.

Mtaani kwetu yupo jirani anayemchukia kunguru kuliko sisi sote. Amenunua mpira mpya wa manati. Jioni akimaliza kupaa samaki, matumbo huyarusha nyuma ya ukuta, hunawa mikono, kisha huingia ndani kuitafuta manati.